Mzee Apewe pa Kwenda

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua la Kaikor, Turkana Kaskazini, halijaanza kuchoma, mzee mmoja huamka kwenye ngozi aliyolalia, akashika fimbo yake na ekicholong, kile kigoda kidogo cha mti ambacho mzee wa Kiturkana hukikalia mchana na kukilazia kichwa usiku. Hutembea hatua zisizofika mia hadi zizini. Zizi lenyewe halina kitu. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua ikapita bila mvua ya kutosha, ulimmalizia mbuzi na ngamia wengi. Waliobaki walichukuliwa na wavamizi waliovuka mpaka. Mzee hulitazama zizi, hurudishia mwiba ulioanguka kwenye ua, kisha hurudi kuketi.

Siku ya kwanza nilipofika pale, binti yake aliniambia kwamba zamani baba alikuwa akienda zizini mara nne kwa siku. Zikawa mbili. Sasa ni moja. "Anapungua," alisema, kama mtu anayezungumzia maji ya kisima.

Mimi ni mtaalamu wa viungo. Nilikuwa nimeitwa kwa sababu ya magoti. Niliyapima nikayakuta ni magoti ya mtu aliyetembea miaka sabini na ushei: yana mikwaruzo yake, lakini yanafanya kazi. Kilichopungua hakikuwa magotini. Mzee alikuwa hali chakula vizuri, alikuwa macho tangu usiku wa manane, na hakutaka tena kuketi na wenzake chini ya mti. Nikamwambia anahitaji mazoezi. Mjukuu aliyekuwa akinitafsiria alisita kidogo, kisha akasema maneno mengi kwa Kiturkana. Mzee akacheka, na binti yake akageuka kumtazama, maana kicheko kile alikuwa hajakisikia siku nyingi. Nikamuuliza kijana, umemwambia nini? "Nimemwambia unataka atembee bila kufuata kitu."

Tafsiri ile imenifunza kuliko semina nyingi nilizohudhuria. Sisi wa hospitali tumezoea kuandika "mazoezi" kwenye kadi ya mgonjwa kama tunavyoandika vidonge. Lakini mfugaji hajawahi kutembea ili atembee. Ametembea kufuata malisho, kutafuta mbuzi aliyepotea, kwenda kwenye kikao, kupeleka habari, kuposa. Safari ilipokosa sababu, miguu ilikaa. Ndiyo maana naamini kwamba anayetaka kulinda akili ya mzee wa Turkana kwa njia ya mwili wake aanze kwa kumtafutia pa kwenda. Hesabu ya dakika ije baadaye.

Kwanza nieleze kwa nini mwili na akili ya mzee vimefungwa kamba moja.

Mwaka 1984, huko Nariokotome, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu aliokota kipande cha fuvu kilichowafikisha watafiti kwenye mifupa karibu kamili ya kijana aliyeishi miaka takribani milioni moja na nusu iliyopita. Kilichowashangaza wengi ni miguu yake: mirefu, ya mtu wa kutembea mbali kwenye joto. Mwili wa binadamu ulianza zamani kuundwa kwa ajili ya mwendo, na ushahidi mmojawapo mkubwa ulitoka katika ardhi hii hii ya Turkana Kaskazini.

Swali la kwa nini mzee naye ahitaji mwendo lilijibiwa kusini zaidi, kwa Wahadza wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi nchini Tanzania. Mwanaanthropolojia Kristen Hawkes na wenzake waliwatazama mabibi wa Kihadza kwa miaka mingi na kuwaona wakichimba mizizi ya kulisha wajukuu, wakifanya kazi kwa bidii kuliko hata wanawake vijana wenye watoto wachanga. Kutokana na hayo likazaliwa wazo kwamba binadamu huishi miaka mingi baada ya kuacha kuzaa kwa sababu mabibi walikuwa na faida. Mwaka 2021 Daniel Lieberman wa Harvard na wenzake waliliongezea wazo hilo: mwendo wa uzeeni wenyewe huuamsha mwili ujikarabati, utengeneze misuli, usafishe mishipa, utulize uvimbe wa ndani kwa ndani. Mzee akikaa, karakana hiyo hufunga milango mapema. Watafiti waliowafungia Wahadza vifaa vya kupima mapigo ya moyo waliona wanapata wastani wa dakika 135 za mwendo wa kutosha kila siku, na uzee haukuzipunguza sana.

Lakini Wahadza pia hupumzika, tena sana. Utafiti uliochapishwa 2020 ulikuta wanakaa bila shughuli karibu saa kumi za mchana, sawa na watu wa nchi tajiri. Tofauti ilikuwa katika namna ya kukaa. Huchuchumaa na kupiga magoti, na misuli ya miguu hubaki macho. Niliposoma hayo nilikumbuka ekicholong. Kigoda kile kiko chini mno, kiasi kwamba mzee anayekikalia karibu anachuchumaa. Kila anapoinuka kusalimu mgeni, kufuata kivuli au kufukuza mbwa, anainua uzito wake wote kwa mapaja. Hospitalini tuna kipimo cha kumtaka mzee ainuke na kuketi mara nyingi awezavyo ndani ya nusu dakika, na matokeo yake hutusaidia kujua ni nani yuko karibu kuanguka. Mzee wa Kaikor hufanya mtihani huo mchana kutwa bila kusimamiwa. Kisha mtoto aliyepata kazi mjini humletea, kwa upendo kabisa, kiti cha plastiki chenye mikono.

Sasa tuingie kichwani. Sonona ya uzeeni haiji na machozi kila mara. Huja na usingizi unaokatika, chakula kisicho na ladha, maumivu yanayohama kutoka mgongoni kwenda kifuani, na kujitenga. Familia husema "ni uzee". Si uzee. Wazee wengi hawana sonona, na walio nayo hutibika.

Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waligawa watu 156 wa umri wa miaka 50 na kuendelea, wote wenye sonona, katika makundi matatu. Wa kwanza walifanya mazoezi pamoja mara tatu kwa wiki, wa pili walimeza dawa, wa tatu walifanya yote mawili. Baada ya wiki 16 makundi yote yalikuwa yamepata nafuu inayokaribiana. Dawa ilifanya kazi haraka zaidi mwanzoni, lakini mazoezi yaliifikia. Mwaka 2011 wengine walichukua wazee 120. Nusu walitembea dakika 40 mara tatu kwa wiki kwa mwaka mzima, na nusu walifanya kujinyoosha tu. Hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu, ambayo kwa kawaida hupungua kadiri umri unavyosonga, iliongezeka ukubwa kwa takribani asilimia 2 kwa waliotembea. Kwa wenzao iliendelea kusinyaa. Hizi ni tafiti ndogo, nami sizichukulii kama msahafu. Ila zinaelekeza upande mmoja na nyingine nyingi zilizofuata.

Habari njema kwa mtu dhaifu ni kwamba kipimo cha kuanzia ni kidogo. Shirika la Afya Duniani hupendekeza dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na kwa waliofika miaka 65 huongeza mazoezi ya kusimama imara na ya nguvu angalau siku tatu kwa wiki. Lakini uchambuzi wa mwaka 2022 uliojumuisha watu zaidi ya 190,000, wengi wao wa nchi tajiri, ulionyesha kwamba hata waliofanya nusu ya kiwango cha chini, yaani kama saa moja na robo ya kutembea kwa haraka kwa wiki nzima, walikuwa na uwezekano wa kupata sonona uliopungua kwa asilimia 18 wakilinganishwa na wasiofanya chochote. Waliofikia kiwango chenyewe walipunguza kwa asilimia 25. Hatua za mwanzo ndizo zenye faida kubwa kuliko zote.

Hapo ndipo msomaji wa Kaikor ataniuliza swali zito. Ikiwa mwendo ni dawa, mbona bibi anayebeba mtungi wa lita 20 kutoka kwenye kisima kilichochimbwa mchangani mwa laga, ule mto wa msimu, akarudi tena jioni na mzigo wa kuni, mbona naye hana raha?

Swali hilo wengi wa taaluma yangu hulikwepa. Mwaka 2017 kundi la watafiti lilikusanya tafiti nyingi na kuuliza mwendo ni wa aina gani. Mwendo wa hiari, wa mapumziko au wa kwenda mahali, uliendana na afya nzuri ya akili. Mwendo wa kazi ya kulazimika haukuwa na faida hiyo. Katika baadhi ya vipimo uliendana na hali mbaya zaidi. Misuli haijui tofauti, moyo unaijua. Bibi yule anahitaji bomba karibu na boma, wala si mazoezi zaidi. Akipata nguvu zilizobaki baada ya hapo, ndipo tumwalike kwenye mwendo anaoutaka mwenyewe.

Na kuna njaa. Sitaandika mahali popote kwamba mtu aliyekunywa chai ya rangi tu tangu jana atembee nusu saa. Fedha za mpango wa serikali wa Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wenye miaka 70 na zaidi, zikija kwa wakati ni sehemu ya tiba ya akili. Zikichelewa, ushauri wangu wote ni kelele. Vivyo hivyo usalama. Huwezi kumwambia mzee wa Kaikor atembee mbali ilhali vijana wenyewe hawalali kwa hofu ya uvamizi.

Sasa tushuke Lodwar, ambako hadithi ni nyingine. Mji unakua, watoto wanajenga, wazee wanaletwa waishi karibu na hospitali. Ni jambo la heshima. Lakini mtafiti Amanda Lea na wenzake walipopima zaidi ya watu elfu moja wa jamii ya Waturkana na kuchapisha matokeo mwaka 2020, waliona jambo la kutafakari. Wafugaji, na hata wale wa vijijini walioacha kuhama na mifugo, walikuwa na afya ya moyo na mishipa inayolingana kwa sehemu kubwa. Hali ilibadilika kwa wale walioingia mjini hasa: uzito, mafuta ya damu, shinikizo la damu. Utafiti huo haukupima huzuni. Lakini moyo na ubongo hunywa kutoka kwenye mshipa mmoja. Ripoti ya jopo la jarida la Lancet ya mwaka 2024 ilitaja mambo 14 ambayo yakishughulikiwa yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya visa vya ugonjwa wa kusahau uzeeni. Miongoni mwake kuna shinikizo la damu, kisukari, kukaa bila mwendo, sonona, upweke, na kutoona vizuri. Mzee aliyehamishiwa Lodwar akawekwa kwenye chumba cha mabati, boda boda ikamfuata mlangoni kwa safari ya mita mia tatu, na macho yake yenye vikope hayajatibiwa, amekusanya nusu ya orodha hiyo bila kosa lake.

Kakuma nako kuna sura yake. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992, na baadaye ikaongezwa makazi ya Kalobeyei. Mtu aliyefika hapo na umri wa miaka 40 mwaka huo sasa ni mzee wa zaidi ya 70. Amezeeka kwenye foleni. Alikuwa na shamba, ng'ombe, kanisa au msikiti aliokuwa akiutembelea kwa miguu. Sasa safari zake ni za kadi ya mgao na bomba la maji. Mkimbizi huyo na mwenyeji wake Mturkana wa ng'ambo ya laga wanaweza wasielewane lugha, na wakati mwingine wamegombania kuni. Lakini ugonjwa wao ni mmoja: miguu mizima isiyodaiwa popote.

Wanasaikolojia wana tiba ya sonona inayoanzia hapo hapo. Hawamsubiri mgonjwa apate hamu ndipo aondoke kitandani. Humpangia jambo dogo lenye maana kwake, saa maalumu, na mtu wa kumsindikiza, wakijua kwamba hamu huja nyuma ya tendo. Tumezoea kusema penye nia pana njia. Kwa mwenye sonona mambo hugeuka: mwonyeshe njia, nia itamkuta njiani. Wahenga walikwisha kusema kwamba mtembea bure si sawa na mkaa bure, maana mtembea bure huenda akaokota.

Basi tufanye nini? Nitataja yale ninayoyaona yanawezekana bila kusubiri mfadhili.

Tangu Septemba 2023 serikali imewasambaza wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchini, wakiwa na mikoba yenye vipimo vya shinikizo la damu na sukari. Mhudumu anapofika bomani kwa ajili ya mtoto au mama mjamzito, na aulize pia kwa mzee maswali mawili: katika wiki mbili zilizopita, umekosa raha ya mambo uliyokuwa ukiyapenda? Umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Maswali hayo hayagharimu kitu. Jibu la ndiyo ni sababu ya kurudi, na swali la tatu, la kuuliza kama amewaza kufa, likijibiwa ndiyo, huyo hahitaji matembezi kwanza. Anahitaji kupelekwa hospitali, na kwa hali nzito ni Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Lodwar.

Pili, kazi ya mzee irudi. Shule za awali zina watoto wanaotembea peke yao asubuhi. Wapewe mzee wa kuwasindikiza, akawasimulie mambo njiani. Kamati za visima zina ukaguzi unaosahaulika. Mpeni mtu anayejua kusoma mchanga. Wazee hao ndio wanaojua nyanda za malisho kwa majina, na vijana wenye simu bado huwahitaji kujua maji yako wapi mwaka mbaya.

Tatu, edonga isiachiwe vijana na sherehe za wageni. Ngoma hiyo ina kuruka, ambako si kwa magoti ya uzee, lakini ina pia kuinua mikono juu na kuikunja kama pembe za maksai. Mwanamume wa Kiturkana alikuwa na maksai wake kipenzi, akajiita kwa jina lake, akamwimbia. Mzee akiinua mikono ile anaonyesha rangi na pembe za mnyama aliyemjua. Mabega yananyooka, mapafu yanafunguka, na kumbukumbu inafanyishwa kazi. Nimewaona wazee ambao hawakuweza kuinua mkono kufika sikioni nilipowapima ofisini, wakauinua hadi juu ya kichwa wimbo ulipowafika. Siku ya soko, jua likishaanza kulala, nusu saa ya edonga ya polepole, wanawake na makofi yao, ni kliniki kamili.

Nne, vitu vidogo vya mwili. Macho yenye vikope yatibiwe, maana asiyeona hatembei. Akala zenye kamba iliyokatika zishonwe. Kigoda kibaki, kiti cha plastiki kiwekewe mgeni. Mwendo uwe kati ya alfajiri na saa tatu, au baada ya saa kumi jioni, na maji yawe karibu. Kipimo cha kasi ni rahisi: uweze kuzungumza na mwenzako, lakini usiweze kuimba. Anayepata maumivu ya kifua au kizunguzungu asimame na apelekwe kupimwa.

Nilirudi Kaikor miezi kadhaa baadaye. Mzee wangu hakuwa amepona kama watu wanavyopona kwenye hadithi. Binti yake aliniambia bado kuna siku hali chakula, na usiku bado ni mrefu. Lakini jirani mmoja aliyebakiwa na mbuzi wachache alikuwa amemwomba aje kila jioni kuwatazama wakirudi, kwa sababu vijana wake huhesabu vichwa na mzee hutambua sura. Anajua ni nani aliyepungua, ni nani anayechechemea, ni nani ameanza kukataa mwanawe. Boma la jirani liko upande wa pili wa laga. Kwenda na kurudi, mchangani, nilikadiria kama dakika arobaini.

Nikamwambia kupitia mjukuu wake kwamba mazoezi yake nimeyapenda. Safari hii kijana hakusita kutafsiri. Mzee aliniangalia kwa muda, akachukua fimbo yake, kwa kuwa jua lilikuwa limeshuka na mbuzi walikuwa wakikaribia.

"Sina mazoezi," akasema. "Ninachelewa."